Mfuko wa Bei Nafuu na Deni la Chokaa

Agosti 2023 serikali iliposhusha bei ya mbolea ya ruzuku hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50, lilitokea jambo ambalo halikuzungumzwa sana kwenye foleni za NCPB, bodi ya nafaka na mazao, mjini Kitale: CAN na yurea zilianza kuuzwa bei moja. Mwaka mmoja kabla ya hapo, ruzuku ya Septemba 2022 ilikuwa imeiweka CAN kwa Sh2,875 na yurea kwa Sh3,500. Sasa mkulima akajikuta mbele ya mifuko miwili yenye uzito mmoja na bei moja.

Ndani haifanani hata kidogo. CAN ina asilimia 26 ya naitrojeni, kwa hiyo mfuko mzima unabeba kilo 13. Yurea ina asilimia 46, yaani kilo 23. Gawanya mwenyewe: kilo moja ya naitrojeni ndani ya CAN inakugharimu Sh192, ndani ya yurea Sh109.

Hesabu ingeishia hapo, ningekuambia nunua yurea urudi nyumbani. Lakini mashamba yetu ya Trans Nzoia na Bungoma, kuanzia Endebess na Kwanza hadi Kanduyi na Sirisia, yana hesabu ya pili ambayo haijaandikwa kwenye mfuko wowote. Karibu kila mbolea inayotokana na amonia huacha asidi ardhini, na asidi hiyo hulipwa ama kwa chokaa ama kwa magunia yanayopungua kila mavuno. Hesabu hizi mbili zinafaa kukaa kwenye karatasi moja kabla hujatoa pesa.

Senge wangu, yaani shangazi, analima ekari moja karibu na Chwele, mahindi na maharagwe pamoja, kama jirani zake wote. Misimu mitatu mfululizo mahindi yake yalifika magotini yakiwa na majani ya rangi ya zambarau. Kila msimu aliongeza DAP. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mbolea ya siku hizi haina nguvu." Nikamjibu, "Senge, huenda nguvu iko, ila imefungiwa." Tulipopeleka udongo kupimwa, pH ilikuwa 4.9.

Kipimo hicho cha pH kinapotosha jicho. Saba ni katikati. Chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Kutoka 6 kushuka hadi 5 kunaonekana ni hatua ndogo, lakini kila hatua ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una asidi mara kumi ya udongo wa pH 6, na mara mia ya ule wa pH 7. Mahindi yanastawi vizuri kati ya 5.5 na 7. Mashamba mengi ya Bungoma na Trans Nzoia yako chini ya 5.5, na mwenye shamba hajui kwa sababu asidi haina rangi wala harufu.

Kwa nini 5.5? Udongo wetu mwekundu umejaa chuma na alumini, vitu vilivyobaki baada ya mvua za maelfu ya miaka kuosha kalsiamu na magnesi. pH ikiwa juu ya 5.5, alumini imetulia ndani ya mfinyanzi na haidhuru chochote. Ikishuka chini ya hapo, alumini inaanza kuyeyuka kwenye maji ya udongo, na ncha za mizizi ndizo zinazoumia kwanza. Ng'oa mhindi kwenye shamba la namna hiyo uutazame: mizizi ni mifupi na minene, haina nywele zile nyembamba. Mvua ikikatika wiki mbili, mmea huo hauwezi kushuka kutafuta maji, na jirani mwenye udongo mzuri atavuna kutokana na mvua ileile iliyokunyima wewe.

Alumini hiyo na chuma pia huikamata fosforasi. Unaweka DAP kwenye shimo, fosforasi inayeyuka, na kabla mzizi haujaifikia imeshikana na alumini ikawa kitu kigumu kisichoyeyuka. Imo shambani lakini mmea hauipati. Hiyo ndiyo maana ya majani ya zambarau: mmea una njaa ya fosforasi huku umesimama juu ya mfuko mzima. Maharagwe huumia zaidi, kwa kuwa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake na kuyatengenezea naitrojeni hawapendi asidi.

Mvua imechangia asidi hii, na mavuno pia. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, chotara H611 ikatolewa mwaka 1964, na tangu wakati huo nchi hii imelishwa na ardhi hii. Kila gunia linalopanda lori, na kila mzigo wa mabua unaopelekewa ng'ombe, unaondoka na sehemu ya kalsiamu na magnesi. Lakini tulichokiongeza kwa mikono yetu ni amonia. Bakteria wa udongo huigeuza amonia kuwa naitreti ili mmea uile, na kwa kila chembe ya amoniamu wanayoigeuza wanaachilia haidrojeni mbili, ambazo ndizo asidi yenyewe. Kule Rothamsted, Uingereza, watafiti wamekuwa wakimwagia nyasi salfeti ya amonia tangu 1856. Vipande visivyowahi kupata chokaa vimeshuka chini ya pH 4. Hilo ni jaribio la shamba moja lililoendelea kwa zaidi ya karne moja na nusu, na mahindi ya kila mwaka kwa DAP ni jaribio la aina hiyohiyo, ila sisi hatuandiki matokeo.

Mfuko umetoka wapi

Ukielewa mfuko ulivyotengenezwa, hutababaishwa na jina lililochapishwa juu yake. Viwanda vya mbolea vinarudia somo la kidato cha pili: asidi ikikutana na alkali, huzaliwa chumvi. Amonia ni alkali. Ikutanishe na asidi ya naitriki, unapata amoniamu naitreti. Changanya hiyo na mawe ya chokaa yaliyosagwa, unapata CAN. Ikutanishe amonia na asidi ya fosforiki, unapata DAP. Ikutanishe na asidi ya salfuriki, unapata salfeti ya amonia, ile inayoitwa SA. Yurea peke yake haikupitia asidi hizo, ni amonia iliyounganishwa na kaboni dioksidi kwa joto na mgandamizo mkubwa.

Amonia yenyewe hutengenezwa kwa naitrojeni ya hewani na haidrojeni, kwa njia ambayo Fritz Haber aliionyesha mwaka 1909 na Carl Bosch akaijengea kiwanda kule Oppau, Ujerumani, kilichoanza kazi mwaka 1913. Haidrojeni hiyo hutoka zaidi kwenye gesi asilia, na ndiyo sababu vita vya Ukraine vilifika hadi duka la agroveti la Kiminini. Gesi ilipopanda mwaka 2022, DAP ilipita Sh6,000 kwa mfuko. Kwa miongo mingi Kenya haikuwa na kiwanda cha amonia. Mradi wa Ken-Ren wa Mombasa katika miaka ya 1970 ulikufa bila kumpa mkulima mfuko hata mmoja, na walipa kodi waliendelea kulipa mikopo yake kwa miongo. Eldoret kilifunguliwa kiwanda cha Toyota Tsusho mwaka 2016, lakini kilijengwa kwa kazi ya kuchanganya mbolea zilizoingia kwa meli.

Mbolea ya kupandia

Nitatumia bei ya ruzuku ya Sh2,500 kwa kila mfuko ili tulinganishe vizuri. Kama unanunua dukani, futa namba yangu uweke yako, hesabu inabaki ileile.

DAP imeandikwa 18:46:0. Mfuko una kilo 9 za naitrojeni na kilo 23 za kile ambacho watengenezaji huita fosfeti. Fosforasi halisi iliyo ndani ya kilo hizo 23 ni kama kilo 10. Ni desturi ya zamani ya kuhesabu, na kwa kuwa mifuko yote inaifuata, haiharibu ulinganisho. NPK 23:23:0 ina kilo 11.5 za naitrojeni na kilo 11.5 za fosfeti. Wengi huambiwa dukani kwamba NPK haina asidi kama DAP, hivyo ni bora kwa udongo uliochoka. Muuzaji hasemi uongo wote, lakini tazama kilo. Ili upate fosfeti ya mfuko mmoja wa DAP utahitaji mifuko miwili ya 23:23:0, Sh5,000. Ile naitrojeni kilo 14 ya ziada utakayopata humo, ungeweza kuipata kwa kilo 30 hivi za yurea, Sh1,520. DAP na yurea hiyo zinakuja Sh4,020. Tofauti ni karibu Sh1,000 kwa ekari, na naitrojeni ya NPK pia ilitoka kwa amonia, kwa hiyo asidi haijakwepwa. Ningenunua DAP, na ile elfu moja nikaitia kwenye chokaa.

17:17:17 ni habari nyingine, kwa sababu ina potasiamu. Mahindi ya nafaka pekee mara nyingi hayaihitaji sana katika udongo wetu, lakini miwa inabeba potasiamu nyingi inapoondoka, na viazi vya kule juu Cherang'ani vivyo hivyo. Shamba lililotoa miwa kwa miaka kisha likageuzwa kuwa la mahindi linastahili kupimwa potasiamu kabla ya kusema ni asidi tu.

TSP ina fosfeti asilimia 46 bila amonia hata kidogo, kwa hiyo haiachi lile deni la asidi. Tatizo lake ni upatikanaji. Maduka mengi ya vijijini hayaiweki. Ukiipata kwa bei ya DAP, kumbuka kwamba umekosa kilo 9 za naitrojeni, ambazo kwa bei ya yurea ni kama Sh980. Inafaa kwa maharagwe peke yake, yanayojitengenezea naitrojeni.

Halafu kuna fosfeti ya Minjingu, kutoka karibu na Ziwa Manyara nchini Tanzania. Hii ni mwamba uliosagwa, takriban asilimia 30 ya fosfeti ikiwa imeshikana na kalsiamu. Hapa asidi inageuka kuwa mfanyakazi wako: udongo wa pH chini ya 5.5 ndio unaouyeyusha mwamba huo polepole na kuachilia fosforasi, na kalsiamu yake inasaidia kidogo upande wa chokaa. Ukishaweka chokaa nyingi na pH ikapanda, Minjingu inasinzia. Kwa hiyo chagua njia moja. Usilipie chokaa na mwamba msimu mmoja ukitarajia vyote viwili vifanye kazi kikamilifu. Na mpandaji wa Kitale anayetegemea chotara ya msimu mrefu asiitumie peke yake mwaka wa kwanza, kwa maana mche unahitaji fosforasi wiki mbili za mwanzo na mwamba hauna haraka hiyo.

Mbolea ya kukuzia, na deni lake

Sasa turudi kwenye mifuko yetu miwili. Wataalamu wa udongo hupima asidi inayoachwa na mbolea kwa kilo za chokaa safi zinazohitajika kuifuta. Kwa makadirio ya kawaida, mfuko wa kilo 50 wa SA unaacha deni la kilo 55 za chokaa. Yurea kama kilo 40. DAP kama 35. CAN, kwa kuwa imekuja na chokaa yake tumboni, kama kilo 10. Ni makadirio; mvua kubwa ikiosha naitreti kabla mahindi hayajaila, deni linakuwa kubwa zaidi.

SA tuiondoe mapema. Naitrojeni asilimia 21, kilo 10.5 kwa mfuko, na deni kubwa kuliko zote. Salfa yake ina kazi, lakini kwa mahindi kwenye udongo wa pH 4.9 sioni sababu ya kuinunua. Iache kwa wenye chai, mmea unaopenda asidi.

Nilipoanza hesabu ya CAN na yurea nilitarajia CAN ishinde, kwa vile ndiyo tuliyolelewa nayo. Tuseme chokaa imekufikia shambani kwa Sh500 kwa mfuko wa kilo 50, yaani Sh10 kwa kilo. Kilo 23 za naitrojeni kwa yurea ni mfuko mmoja, Sh2,500, na deni la kilo 40, Sh400: jumla Sh2,900. Kilo hizohizo 23 kwa CAN ni mifuko 1.77, Sh4,425, na deni la kilo 18, Sh180: jumla Sh4,605. Hata baada ya kulipa deni lake lote, yurea imeshinda kwa kama Sh1,700. Kwa bei za ruzuku za 2022 inashinda pia, ingawa kwa pengo dogo zaidi.

Lakini yurea ina tundu mfukoni. Ikilala juu ya udongo, kimeng'enya kilichomo ardhini na kwenye masalia ya mimea kinaivunja kuwa amonia, na amonia inapaa hewani. Ile harufu kali unayoisikia shambani siku ya jua baada ya manyunyu ni pesa yako inaondoka. Kwa bei ya Sh2,500, yurea ikipoteza zaidi ya theluthi moja ya naitrojeni yake, faida yote imekwisha na CAN ndiyo nafuu. Kwa hiyo swali la kweli la mnunuzi ni hili: je, nina mikono ya kuifukia? Yurea inataka kuwekwa ardhi ikiwa na unyevu, kidole kimoja ndani ya udongo, kando ya shina, na kufunikwa. Vizuri zaidi iwekwe mara mbili badala ya mara moja. Kama utaajiri vibarua wa kutembea wakirusha kwa mkono, nunua CAN usisumbuke. Nusu ya naitrojeni yake tayari ni naitreti, haipai hewani, na mahindi yanaionja siku chache tu baada ya mvua.

Na jambo la kupewa uzito: anayehamia yurea bila kununua chokaa hajaokoa chochote. Amekopa kwa shamba.

Chokaa

Duka linaweza kukuuzia vitu vinne kwa jina moja la chokaa. Kuna mawe ya chokaa yaliyosagwa, ambayo tunayapa nguvu ya 100. Kuna dolomaiti, yenye magnesi pia, nguvu 109 ikiwa safi. Kuna chokaa iliyozimwa, ile ya kupaka kuta, nguvu 135. Na kuna chokaa mbichi iliyotoka tanuruni, nguvu 179, ambayo inachoma ngozi na macho na haifai kurushwa na mtu asiye na vifaa. Ukitaka kulinganisha, gawanya bei ya kilo kwa nguvu. Chokaa ya kuta ikiuzwa zaidi ya mara 1.35 ya bei ya chokaa ya shamba, haina faida kwako. Jasi inayouzwa kama kirutubisho cha kalsiamu haimo kwenye orodha hii kabisa. Ni salfeti ya kalsiamu, ina kalsiamu kweli, lakini haipunguzi asidi.

Ulaini ni muhimu kama nguvu. Chembe kubwa kama mchanga zitakaa miaka bila kuyeyuka. Chukua kidogo ukisugue kati ya vidole: kinatakiwa kihisike kama unga wa ngano, si kama unga wa ugali wa posho mill.

Bei ya chokaa, kwa sehemu kubwa, ni bei ya lori. Machimbo yaliyo karibu nasi ni ya Koru, kaunti ya Kisumu, ambako Homa Lime imekuwa ikichoma na kusaga mawe kwa miongo mingi. Bungoma iko karibu na Koru kuliko Kitale, na hilo linaonekana kwenye bei. Mfuko mmojammoja kwa bodaboda utakugharimu usafiri kama mfuko wa DAP huku thamani yake ni sehemu ndogo. Chama cha majirani watano kinachoagiza lori moja kinaibadilisha hesabu. Shirika la One Acre Fund, lililoanzia Bungoma mwaka 2006, limekuwa likiwapa wakulima chokaa kwa mkopo pamoja na mbegu na mbolea, na kwa asiye na pesa Januari hiyo ni njia ya kufikiriwa, mradi ahesabu riba.

Kiasi gani? Kipimo cha maabara ndicho kinachojibu. KALRO, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, hupima udongo na hutoa ushauri wa chokaa, na mashirika binafsi pia. Mapendekezo mengi ya magharibi mwa Kenya huzunguka tani mbili kwa hekta, yaani mifuko 16 ya kilo 50 kwa ekari. Kwa bei yetu ya mfano ni Sh8,000. Inatisha ukiitazama kama gharama ya msimu. Lakini chokaa inafanya kazi miaka mitatu hadi mitano. Igawe kwa minne, ni Sh2,000 kwa mwaka, chini ya mfuko mmoja wa ruzuku.

Weka sasa kila kitu pamoja kwa ekari moja. Mazoea ya wengi Kitale ni mfuko wa DAP na mifuko miwili ya CAN: Sh7,500, naitrojeni kilo 35, fosfeti kilo 23, chokaa hakuna. Njia ya pili ni mfuko wa DAP, mfuko wa yurea uliofukiwa, na sehemu ya chokaa ya mwaka: Sh2,500, Sh2,500 na Sh2,000, jumla Sh7,000. Naitrojeni kilo 32, fosfeti kilo 23 ileile. Chokaa ya mwaka, kilo 200, inalipa deni la mbolea zote mbili, kilo 75, na kilo 125 zinabaki kurekebisha asidi ya zamani. Umetumia Sh500 pungufu na umetibu shamba. Ongeza kibarua wa kufukia na kumwaga chokaa, na pengo hilo linaweza kuisha. Lakini fosfeti iliyokuwa inafungwa na alumini sasa inafika kwenye mzizi, na hiyo haimo kwenye hesabu ya shilingi niliyoandika hapo juu.

Asiyeweza kutoa Sh8,000 kwa mkupuo aweke mifuko minne kwa ekari kila mwaka kwenye mistari ya kupandia, aichanganye na udongo. Inaponya polepole zaidi, lakini inaponya pale mzizi ulipo.

Majira yetu hayafanani. Kitale, juu kule mita 1,900 hivi, ina msimu mmoja mrefu: unapanda Machi au Aprili, unavuna kuanzia Oktoba. Baada ya mavuno shamba linapumzika, na chokaa iliyolimwa ndani mwezi Januari ina miezi miwili ya kufanya kazi mvua za kwanza zikianguka. Bungoma ina misimu miwili na nafasi ni finyu. Wengi huona ni rahisi kuiweka kabla ya mvua ndefu na kuacha ile fupi iendelee nayo. Popote ulipo, usiweke chokaa siku moja na mbolea ya amonia wala na yurea. Alkali inaifukuza amonia hewani, na utakuwa umelipia vyote viwili ili vipigane. Usizidishe pia: pH ikipita 6.5 zinki inaanza kuadimika, na viazi hupata magamba.

Jivu la jikoni ni alkali ya kweli, lina potasiamu na halina bei. Nguvu yake kwa kilo ni ndogo kuliko ya chokaa, na jivu la nyumba moja halitoshi hata robo ekari, lakini linatosha bustani ya sukuma wiki. Samadi ya ng'ombe nayo inaifunga alumini na kulegeza asidi kwa namna ambayo mbolea ya mfuko haiwezi. Mwenye ng'ombe wawili asiiuze.

Kujua unachonunua

Machi 2024 wanahabari wa Africa Uncensored walifichua kwamba kulikuwa na mifuko kwenye mpango wa ruzuku isiyo na virutubisho vilivyoandikwa juu yake, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Mkulima hawezi kubeba maabara, lakini ile kemia ya asidi na alkali inaweza kumsaidia akiwa nyuma ya nyumba.

Chukua kijiko cha DAP, CAN au SA, ukiponde, uchanganye na jivu jeupe lililoloweshwa kidogo. Jivu ni alkali, litaifukuza amonia, na ndani ya dakika chache pua yako itajua. Fanya nje, usiinamie. Pasipo na harufu, usipande. Yurea haitanuka mara moja, kwa hiyo kipimo hiki si chake. Yenyewe iweke ndani ya glasi ya maji, itayeyuka yote na glasi itapoa mkononi. CAN nzuri itaacha ukungu mweupe chini kwa sababu ya chokaa yake, lakini kikibaki mchanga uzito wa nusu kijiko, umeuziwa mchanga. Vipimo hivi haviwezi kukuambia kama naitrojeni ni asilimia 26 au 20. Vinakamata wizi wa wazi tu. Weka risiti na usitupe mfuko mtupu hadi mahindi yachanue.

Kwa chokaa kipimo ni limau au siki: kamulia juu ya unga, nao utatoa povu. Mchanga, udongo mweupe na majivu ya mwamba havitatoa. Chokaa iliyozimwa haitoi povu sana, lakini hiyo utaitambua kwa jinsi inavyouma ngozi iliyolowa.

Januari iliyopita senge na majirani zake wanne waliagiza lori. Dereva alitaka kumwaga mzigo haraka arudi Koru kabla ya giza. Senge akamwomba asubiri, akaingia jikoni akatoka na limau na sahani. Tulichagua mfuko kutoka katikati ya shehena, si wa juu. Povu lilipanda hadi ukingoni mwa sahani, majirani wakainama kutazama.

"Basi, washushe," akasema.